Brussels: Filamu huru na hesabu ya kuishi kwa sanaa

Kwa zaidi ya nusu karne watengenezaji filamu wa Brussels, miongoni mwao watoto wa Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa, wamekuwa wakitafuta jibu la swali moja: mtu asiye na kampuni kubwa nyuma yake afanye nini ili filamu yake ya kwanza isiwe ya mwisho?

Karibu na lango la Porte de Namur, katika manispaa ya Ixelles mjini Brussels, uko mtaa ambao Wakongomani waliupa jina la mtaa wa kwao Kinshasa: Matonge. Hapo huuzwa sombe, ndizi na samaki wa chumvi. Hapo husukwa nywele na hapo hubishaniwa siasa za nyumbani mpaka usiku wa manane. Chanzo cha mtaa huo ni bweni la wanafunzi lililoitwa Maison Africaine, yaani Nyumba ya Waafrika, lililofunguliwa mwaka 1961, mwaka mmoja tu baada ya Kongo kujipatia uhuru wake kutoka kwa Ubelgiji. Wengi wa vijana waliofika Brussels miaka ile walikuja kusomea udaktari, uhandisi au sheria. Wachache walikuja kusomea jambo ambalo wazazi wengi hata leo hawalihesabu kuwa ni kazi ya kumlisha mtu: kutengeneza filamu.

Mmoja wa hao wachache alikuwa Mweze Ngangura, aliyezaliwa Bukavu, Kivu ya Kusini, mwaka 1950. Mwaka huo huo, katika mji wa Brussels wenyewe, alizaliwa Chantal Akerman, binti wa familia ya Kiyahudi kutoka Poland. Wawili hawa hawakufanana kwa lugha, asili wala aina ya filamu walizozipenda. Lakini wote wawili walikutana na tatizo lile lile, na kila mmoja alilijibu kwa namna yake. Majibu yao yanaeleza sehemu kubwa ya historia ya biashara ya filamu huru katika mji mkuu wa Ubelgiji.

Nchi isiyo na Hollywood yake

Filamu huru, kwa maana ya kawaida, ni ile ambayo mwongozaji wake hakuajiriwa na kampuni kubwa. Yeye mwenyewe, pamoja na mtayarishaji wake, hutafuta fedha, hubeba hasara ikitokea, na hubaki na haki za kazi hiyo. Nchini Marekani filamu za namna hiyo ni upande mmoja tu wa tasnia. Nchini Ubelgiji karibu kila filamu ni huru, si kwa kupenda bali kwa kulazimika.

Sababu ni soko. Ubelgiji ni nchi ndogo, na wakaazi wake wamegawanyika kwa lugha. Filamu ya Kiholanzi hutazamwa Flanders na ni nadra kuvuka kwenda kwa wasemao Kifaransa. Filamu ya Kifaransa nayo hulazimika kushindana na filamu za Paris, zenye waigizaji mashuhuri zaidi na matangazo makubwa zaidi. Brussels imekaa katikati ya dunia hizo mbili. Tikiti zinazouzwa katika majumba ya sinema ya nchi hiyo peke yake ni nadra kurudisha gharama za filamu ndefu. Kwa hiyo tangu mwanzo mtengenezaji filamu wa Brussels alijua kwamba akitegemea mlango wa jumba la sinema tu, atalala njaa.

Kulikuwa na urithi mwingine pia. Wakati wa ukoloni, filamu zilizohusu Kongo zilitengenezwa na Wabelgiji kwa ajili ya macho ya Wabelgiji, au na wamisionari waliotaka kuwafunza Wakongomani adabu na dini. Iliyovuma zaidi ni Bwana Kitoko ya André Cauvin, ya mwaka 1955, iliyoonyesha ziara ya Mfalme Baudouin nchini Kongo. Jina la filamu lilikuwa la Kiafrika, lakini kamera, fedha na haki zote vilikuwa vya upande mmoja. Mwafrika alikuwa mbele ya kamera. Nyuma yake hakuwepo.

Vyuo viwili, njia mbili

Mnamo mwaka 1959 ilianzishwa taasisi ya IAD, na mwaka 1962 ikafuata INSAS, chuo cha maonyesho na sinema mjini Brussels. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Ubelgiji nayo ilianza kutoa ruzuku kwa filamu, upande wa Flanders kwanza na baadaye upande wa wasemao Kifaransa. Tume maalumu husoma miswada na kuamua ni filamu gani isaidiwe. Hilo ndilo jiwe la kwanza la msingi wa biashara hii: fedha za umma, zinazotolewa kwa hoja kwamba nchi isiyojisimulia husimuliwa na wengine.

Akerman aliingia INSAS mwaka 1967 na kuondoka baada ya muda mfupi. Hakuwa na subira ya kungoja. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 18, alitengeneza filamu fupi ya dakika 13, Saute ma ville, na inaelezwa kwamba sehemu ya fedha aliipata kwa kuuza hisa katika soko la almasi la Antwerp. Mwaka 1975 yeye na mwenzake Marilyn Watelet walianzisha kampuni yao, Paradise Films. Mwaka huo huo ilitoka Jeanne Dielman, filamu ya zaidi ya saa tatu inayomwonyesha mama mjane wa Brussels akimenya viazi, akitandika kitanda na kuficha siri yake. Iligharimiwa kwa ruzuku ya serikali ya kiasi cha dola 120,000, na wengi wa mafundi wake walikuwa wanawake.

Kwa hesabu ya mfanyabiashara wa kawaida, filamu hiyo haikuwa na matumaini. Lakini mwaka 2022, miaka saba baada ya Akerman kufariki dunia, wahakiki waliopigiwa kura na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliitaja kuwa filamu bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Tangu ilipotoka imekuwa ikionyeshwa katika matamasha, vyuo vikuu na makumbusho ya nchi nyingi. Somo lililobaki Brussels ni kwamba filamu huru si bidhaa ya msimu mmoja. Ni kama mnazi: huchelewa kuzaa, lakini ukizaa huzaa kwa miaka mingi, ili mradi shamba liwe bado la mwenyewe.

Ngangura alishika njia nyingine. Alisoma IAD katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, kisha akarejea Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati wa utawala wa Mobutu, akafundisha mjini Kinshasa. Huko alitengeneza filamu za kumbukumbu, ikiwemo moja juu ya mchoraji Chéri Samba mwaka 1980, na Kin Kiesse ya mwaka 1982, inayoutazama mji wa Kinshasa kwa jicho la furaha na dhihaka. Alichokiona Kinshasa kilimfundisha kuliko darasa. Watu walijaa kwenye kumbi kutazama karate na filamu za Kihindi. Filamu za Waafrika, zilizosifiwa Paris na Ouagadougou, hazikuwafikia, na zilipowafikia, wengine walisinzia.

Kutokana na hayo Ngangura alijenga hoja ambayo baadaye aliiandika katika makala iliyojadiliwa sana: je, sinema ya Kiafrika iwe ya harakati au ya burudani? Jibu lake lilikuwa kwamba mtengenezaji filamu wa Kiafrika hawezi kujitegemea mpaka awe na watazamaji wake mwenyewe, na watazamaji hawapatikani kwa kuhubiriwa. Wenzake wengine walimlaumu kwamba anaishusha sanaa. Lakini swali lake lilikuwa la kiuchumi kama lilivyokuwa la kisanii: ikiwa kila faranga inatoka kwa mfadhili wa Ulaya, nani hasa ndiye mtazamaji anayetengenezewa filamu?

Maisha ni mazuri

Hoja hiyo ilitiwa kwenye mizani mwaka 1987, ilipotoka La Vie est belle, yaani Maisha ni mazuri. Ngangura aliiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, na fedha zilikusanywa kutoka Ubelgiji, Ufaransa na Zaire. Kampuni ya Ngangura mwenyewe, Sol'Œil Films, ilikuwa miongoni mwa watayarishaji. Mhusika mkuu ni Kourou, kijana mwanamuziki anayetoka kijijini kwenda Kinshasa, akaishia kuwa mtumishi wa nyumbani huku akiota kuimba kwenye televisheni. Aliyepewa nafasi hiyo ni Papa Wemba, na Pépé Kallé naye alionekana humo.

Uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara pia. Katika miaka ile muziki wa Zaire ulikuwa ukipigwa kutoka Dakar hadi Dar es Salaam na Mombasa. Jina la Papa Wemba lilikuwa tangazo lisilolipiwa. Filamu ilipendwa Afrika, ikaonyeshwa Ulaya, na huko Marekani ikaingia katika orodha ya California Newsreel, shirika lililosambaza filamu za Kiafrika kwa shule, vyuo na maktaba. Soko hilo la mwisho halina kelele, lakini ni muhimu sana kwa filamu huru. Maktaba hainunui kwa sababu filamu ni mpya. Hununua kwa sababu mwalimu anaihitaji, na mwalimu huihitaji kila mwaka.

Hata hivyo mafanikio hayo hayakumfanya Ngangura kuwa tajiri. Filamu iliyogharimiwa na nchi tatu ina wenye haki wengi, na kila mmoja huchukua fungu lake kabla ya mwongozaji kufikiwa. Miaka 11 ilipita kabla hajatoa filamu nyingine ndefu ya kubuni. Katikati ya miaka hiyo aliishi kama wanavyoishi wengi katika kazi hii: kwa filamu za kumbukumbu, ambazo gharama zake ni ndogo na ambazo vituo vya televisheni huzinunua. Mwaka 1992 alitengeneza Changa-Changa, juu ya mchanganyiko wa muziki wa weusi na weupe mjini Brussels. Mwaka 1994 alirudi kwao Ngweshe, katika nchi ya Washi, na kutoka na filamu ya Mfalme, Ng'ombe na Mgomba. Mwaka 1995 aligeuza kibao: katika Barua kwa Makura, ni Mwafrika anayeandika kumweleza mwenzake wa kijijini mila za wenyeji wa zamani wa Brussels, kama vile wazungu walivyokuwa wakiandika juu ya makabila ya Afrika.

Mfalme anayeomba njia Brussels

Mwaka 1998 ilitoka Pièces d'identités, yaani Vitambulisho. Mani Kongo, mfalme mzee anayechezwa na Mkameruni Gérard Essomba, anasafiri hadi Brussels kumtafuta binti yake aliyempeleka huko kusoma tangu utotoni. Anafika na kofia yake ya kifalme na alama za enzi, akidhani Ubelgiji itamkumbuka. Haimkumbuki. Mji unamvua heshima kidogo kidogo, na mtu anayemsaidia ni dereva wa teksi mwenye damu mchanganyiko, naye akitafuta asili yake.

Mwezi Februari na Machi mwaka 1999, katika tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, Burkina Faso, filamu hiyo ilipata tuzo kuu, Farasi wa Yennenga. Kwa mtoto wa Bukavu aliyeishi Brussels, hiyo ilikuwa heshima ya juu kabisa katika sinema ya Afrika. Kwa biashara yake, ilikuwa na maana nyingine: tuzo hufungua milango ya wasambazaji, hupandisha bei ya haki za televisheni, na huwa barua ya utambulisho mbele ya tume inayofuata. Lakini tuzo hailipi madeni ya filamu iliyopita. Ngangura alitoa filamu yake nyingine ndefu, Mavazi Mapya ya Gavana, mwaka 2005, yaani miaka saba baadaye.

Pengo kama hilo si la Waafrika peke yao. Mwaka 1992 vijana watatu, wawili wao wanafunzi wa INSAS, walitengeneza kwa fedha kidogo sana filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, C'est arrivé près de chez vous, ambamo waandishi wa habari wanamfuata muuaji mpaka wanakuwa washirika wake. Jamaa na marafiki waliigiza. Filamu ilipokewa kwa kishindo Cannes, ikauzwa nchi nyingi, na ikamfanya Benoît Poelvoorde kuwa mwigizaji mashuhuri. Lakini mmoja wa waliyoiongoza, Rémy Belvaux, alifariki dunia mwaka 2006 bila kuongoza filamu nyingine ndefu. Mtaji wa marafiki hutosha mara moja. Mara ya pili wanataka kulipwa, na wana haki.

Kodi inapogeuka kuwa kamera

Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2001 eneo la Wallonia lilianzisha mfuko wake, Wallimage. Mwaka 2002 Flanders ikaunda mfuko wa VAF. Na sheria ya mwaka 2002, iliyoanza kufanya kazi katika miaka iliyofuata, ikaleta utaratibu unaojulikana hata kwa Wabelgiji kwa jina lake la Kiingereza, Tax Shelter, yaani kivuli cha kodi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni yoyote nchini Ubelgiji, iwe ya saruji au ya biskuti, iliweza kutia fedha katika filamu na kusamehewa kodi kwa kiasi cha asilimia 150 ya fedha hizo. Kampuni iliyotia Euro 100,000 ilipunguziwa faida inayotozwa kodi kwa Euro 150,000. Kwa kiwango cha kodi ya makampuni cha wakati ule, asilimia 33.99, iliokoa karibu Euro 51,000. Sehemu ya fedha ilikuwa mkopo uliorudishwa, na sehemu nyingine ilikuwa hisa katika mapato ya filamu. Kwa upande wake mtayarishaji alipaswa kutumia fedha hizo ndani ya Ubelgiji: kwa mafundi, maabara, hoteli, studio za sauti.

Matokeo yalionekana upesi. Watayarishaji kutoka Ufaransa, Luxembourg na kwingineko walianza kuja Brussels kutafuta washirika. Mafundi waliokuwa wakifanya kazi miezi mitatu kwa mwaka walipata kazi ya mwaka mzima. Studio za uhariri na za sauti zilifunguliwa. Biashara ya filamu huru, iliyokuwa ikiishi kwa pumzi ya filamu moja hadi nyingine, ilipata mapafu.

Lakini penye asali hapakosi nyuki. Kati ya makampuni na watayarishaji walijitokeza madalali, na ushindani wao uliwafanya wawaahidi wawekezaji faida kubwa zaidi na zaidi. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya filamu zikaanza kuvuja njiani. Mwaka 2014 bunge lilibadilisha sheria, na kuanzia Januari mwaka 2015 mwekezaji hapati tena hisa katika filamu. Hupata cheti cha kodi tu. Haki zote zikabaki kwa watayarishaji. Brussels nayo, iliyokuwa na mpango mdogo tangu mwaka 2009, ilipata mfuko wake wa screen.brussels mwaka 2016. Tangu mwaka 2017 utaratibu huo wa kodi umehusisha pia tamthilia na maonyesho ya jukwaani.

Anayelipa zumari

Mfumo huo una upungufu wake, na wanaoujua zaidi ni wale ambao hadithi zao ziko mbali na Ubelgiji. Sheria inasema fedha zitumike Ubelgiji. Je, Mkongomani anayetaka kupiga picha Bukavu au Kisangani afanye nini? Kwa kawaida hulazimika kuigawa filamu vipande: picha zipigwe Kongo kwa fedha kidogo, na uhariri, sauti na rangi vifanywe Brussels kwa fedha nyingi. Ujuzi na mishahara ya kazi za mwisho hubaki Ulaya. Ndiyo maana wakosoaji husema kwamba filamu hizo hufuata njia ile ile ya shaba na mpira: mali ghafi hutoka huku, kiwanda kiko kule.

Tatizo jingine ni la maudhui. Mwaka 2007 Balufu Bakupa-Kanyinda, mzaliwa wa Kinshasa aliyesoma Brussels, alitoa Juju Factory. Mhusika wake, mwandishi Mkongomani anayeishi Matonge, ameagizwa na mchapishaji kuandika kitabu cha kuwavutia watalii juu ya mtaa huo. Yeye anataka kuandika juu ya mizimu ya historia, ikiwemo ya Wakongomani 267 walioletwa kuonyeshwa kama viumbe vya ajabu huko Tervuren, nje ya Brussels, mwaka 1897, na saba kati yao wakafa na kuzikwa huko. Mchapishaji anataka viungo na rangi. Mwandishi anataka ukweli. Ni vigumu kuitazama filamu hiyo bila kuona ndani yake mazungumzo ya kila mtengenezaji filamu na kila mfadhili.

Njia mojawapo ya kutoka katika mtego huo ni kumiliki kampuni pande zote mbili. Djo Tunda wa Munga, mzaliwa wa Kinshasa na mhitimu wa INSAS, alianzisha Suka! Productions mjini Kinshasa, akashirikiana na watayarishaji wa Ubelgiji na Ufaransa. Mwaka 2010 ilitoka Viva Riva!, hadithi ya majambazi wa petroli, yenye kasi na bila mahubiri, kama alivyotaka Ngangura miaka 20 kabla. Mwaka 2011 ilizoa tuzo sita za filamu za Afrika, AMAA. Munga alianzisha pia mafunzo kwa vijana wa Kinshasa, kwa hoja kwamba kampuni isiyo na mafundi wa kwao itakodi wa wengine milele.

Miongoni mwa waliopata mafunzo katika kizazi hicho ni Dieudo Hamadi wa Kisangani. Filamu yake ya mwaka 2020, En route pour le milliard, inawafuata walemavu wa Vita vya Siku Sita vya Juni mwaka 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wa Kisangani. Wanapanda jahazi na kuteremka mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia yao. Kampuni ya Hamadi mwenyewe, Kiripifilms, iliitayarisha pamoja na kampuni moja ya Ufaransa na Néon Rouge ya Brussels. Ikawa filamu ya kwanza ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo kuchaguliwa rasmi na tamasha la Cannes.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliyeanza kama mwanamuziki wa rap na hakusoma chuo cha filamu. Augure, filamu yake ndefu ya kwanza, iliyotayarishwa na kampuni ya Wrong Men ya Brussels, ilipata tuzo ya Sauti Mpya huko Cannes mwaka 2023, na Ubelgiji ikaichagua kuiwakilisha kwenye mashindano ya Oscar. Ndani yake husikika Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Nchi iliyotengeneza Bwana Kitoko ilijiwakilisha mbele ya dunia kwa filamu ya mtoto wa Katanga.

Siku kati ya filamu mbili

Nyuma ya majina hayo kuna swali ambalo halionekani kwenye mabango: mtu anakula nini katika miaka ya kungoja? Nchini Ubelgiji sehemu ya jibu ni sheria ya hifadhi ya jamii. Msanii aliyefanya kazi siku za kutosha hulipwa posho katika vipindi asivyokuwa na mkataba. Utaratibu huo ulifanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kutumika mwaka 2024, na sasa unawatambua pia mafundi. Bila posho hiyo, wengi wangeacha kabla ya filamu ya pili.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi hana posho ya namna hiyo, na wala hana kivuli cha kodi. Katika miaka ya kushamiri kwa filamu za video nchini Tanzania, mtengenezaji aliyebanwa na shida aliuza kazi pamoja na haki zake zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na kesho yake akaanza upya mikono mitupu. Hapo ndipo historia ya Brussels inapokuwa na faida. Wengi wa waliodumu katika mji ule walimiliki kampuni, hata kama ni chumba kimoja na simu. Walichanganya kazi ndogo na kubwa. Walitafuta fedha mahali pengi ili asiwepo mfadhili mmoja wa kuwaamuru. Na walishikilia haki zao.

Hilo la haki limezidi uzito tangu televisheni za intaneti zilipoingia. Netflix ilifika Ubelgiji mwaka 2014, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria inayozitaka huduma hizo ziwe na angalau asilimia 30 ya kazi za Ulaya. Filamu ya zamani, iliyodhaniwa imekwisha kazi, inaweza kupata mnunuzi mpya. Lakini mnunuzi huongea na mwenye haki, si na mwenye jina.

Limebaki deni moja ambalo hakuna tume ya Brussels inayoweza kulilipa. Kinshasa, Bukavu na Lubumbashi majumba mengi ya sinema yalifungwa, mengine yakageuzwa makanisa. Mkaazi wa Matonge ya Brussels ana nafasi kubwa ya kuiona filamu juu ya Kisangani kuliko mkaazi wa Kisangani mwenyewe. Hapo ndipo swali aliloliuliza mtoto wa Bukavu katika miaka ya 1980 linaporudi, likiwa bado halijapata jibu kamili: biashara ya filamu inaweza kujengwa kwa kodi, ruzuku na tuzo, lakini itasimama lini juu ya tikiti ya mtu aliyesimuliwa humo?